Nyangeta na Mfuko wa Kupapasa

Nakumbuka siku moja pale Kirumba, mwanangu, baba mmoja aliingia darasani kwetu na mabuti ya kiwandani bado miguuni, akamshika binti yake mkono na kusema, "Twende nyumbani." Mtoto alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko. Alikuwa anafinyanga chungu.

Mimi nilikuwa msichana tu, ndiyo kwanza nimeanza kufundisha chekechea kwenye ukumbi mdogo wa kanisa. Miaka hiyo ya tisini viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa, watu wanahamia mjini, na shule za watu binafsi zinaanzishwa kila mtaa. Kila mzazi alitaka mwanawe aandike mapema na aimbe Kiingereza, asije akaachwa na wenzake. Sikuwalaumu, na leo siwalaumu.

Binti huyo aliitwa Nyangeta. Walikuwa wametoka upande wa Majita, na nyumbani walizungumza Kijita kitupu. Kwetu alikuwa hasemi. Ukimwita anainua macho, basi. Lakini ukimpa maji, mchanga au udongo, anashika kazi kama mtu mzima.

"Karibu ukae, Baba Nyangeta," nilimwambia.

"Sikai, mwalimu. Tope hata kwetu lipo. Huku nilimleta asome. Muhula unaisha, hajui hata a."

Akaondoka naye. Nyangeta alikwenda akigeuka nyuma kutazama chungu chake.

Mkuu wetu alikuwa Mama Rhoda, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi. Nilimwendea, nikamwambia kesho naondoa udongo wote na kuwakalisha watoto na penseli. Alikuwa anachambua mchele, na hakuacha.

"Ukifundisha kwa kumwogopa mzazi, mtoto utamwona saa ngapi?" aliniuliza. "Jioni tutakwenda kwao. Hatuendi kubishana."

Tukaenda. Baba Nyangeta alimwamkia shikamoo, Mama Rhoda akaitikia marahaba, akala ugali wao kwa sato, akauliza habari za mvua za Majita. Wakati wa kuaga ndipo aliposema, "Jumamosi tuna sherehe ya kufunga muhula. Mlete mtoto, na wewe uje. Ukishaona, uamue mwenyewe. Hatutakufuata tena."

Jumamosi ile watoto walivaa taji za majani, wakacheza ngoma, tukala viazi vitamu na karanga. Kisha ukaja mchezo waliokuwa wakiupenda kuliko yote, mfuko wa kupapasa. Ndani tulitia gunzi, pamba, gamba la sangara, kipande cha wavu na vingine. Mtu anafungwa macho, anaingiza mkono, anataja alichoshika. Mama Rhoda akasema leo watacheza wazazi, na akamwita Baba Nyangeta wa kwanza. Alisimama shingo upande. Nikamfunga kanga usoni.

Alipapasa, akageuza, akafikiri. "Dodoki," akasema.

Watoto wakacheka sana. "Siyo!"

Hapo Nyangeta akatoka kwenye benchi, akaenda kusimama karibu naye. "Baba, siyo dodoki," alisema kwa Kiswahili. "Weka kidole. Kuna mlango. Ndege alijenga yeye mwenyewe, halafu watoto wakaota mabawa, wakaruka."

Kilikuwa kiota cha mnana. Na maneno yale yalikuwa ya hadithi niliyowasimulia mara nyingi wakati wa mchana. Mtoto hakuishia hapo, aliisimulia yote hadi mwisho, na neno likimpotea anaweka la Kijita na kuendelea. Baba yake alisimama vilevile, kanga machoni, kiota mkononi. Hakuifungua hadi binti aliponyamaza. Mimi nilikuwa nalia, nikajifanya nakusanya sahani.

"Kumbe anasema," yule baba alisema taratibu. Halafu akamgeukia Mama Rhoda. "Na kuandika, mama?"

"Ataandika. Vidole vyake tunaviandaa kila siku, wewe uliviona vina tope."

Jumatatu ya kufungua muhula alimrudisha. Usidhani aliridhika kabisa, kila wiki alipita kuuliza habari za herufi. Na Nyangeta aliandika jina lake kabla ya mwaka kwisha, ingawa y yake ilitazama kinyume. Wazazi wengine waliwahamisha watoto wao, wakawapeleka penye sare na tai, na hatukuwazuia. Nyangeta alimaliza darasa la saba, nasikia aliolewa Musoma. Zaidi ya hapo sijui.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu nimekusikia ukimgombeza mwanao wa miaka mitatu juu ya daftari. Mwache achote maji na kupapasa mchanga. Msimulie hadithi ileile hata ukiichoka wewe, maana yeye bado anaokota maneno humo. Siku ya sherehe mpe nafasi aimbe na watu wamtazame. Herufi zitakuja, na zitamkuta ana jambo la kuandika. Akinyamaza, usiseme ni mjinga. Kaa naye, ngoja.

Mungu akupe moyo wa kungoja, mwanangu. Akukuzie huyo mtoto kwa afya njema, na nyumba yako isikose sauti yake.