Siku Niliyomtega Fundi Saa

Mume wangu ni fundi saa, mimi ni mshonaji. Chumba chetu cha kazi ni kimoja, tumekikata kwa pazia: huku cherehani yangu, kule meza yake. Miaka thelathini na mmoja sasa. Watu wote humwita Fundi, hata mimi, na kabla ya mwaka huu sikuwahi kumdhania baya. Wengine wote nawadhania. Mdogo wangu husema, "Dada, wewe hata kivuli chako unakishuku." Na anicheke tu. Nisingekuwa hivi tungeshaibiwa mpaka sindano.

Kila mwaka wakusanyaji watano wa saa za zamani za mkononi hukutana kwetu kuchagua ile wanayoipenda kuliko zote. Kila mmoja huleta moja, saa ya kutia ufunguo, kongwe kuliko ndoa yangu. Huziacha siku tatu kabla, Fundi azifute na kuzipanga kwenye trei kwa mpangilio wao usiobadilika. Ya kwanza ni ya Mwalimu mstaafu kwa kuwa ndiye mkubwa wao, ya tatu ni ya Bwana Vioo, muuza vioo wa mtaani kwetu, na ya mwisho ni ya Daktari wa Meno. Siku yenyewe Fundi hupita mikono nyuma, bila kugusa, akiisemea kila saa: uso wake, mishale yake, nini ni cha asili na nini kimebandikwa juzi. Kisha wanapiga kura. Kura yenyewe jina tu, maana akishasema Fundi wamesema wote. Na ni hao hao wanaotuletea wateja. Siku neno la Fundi likijulikana kuwa linanunuliwa, meza ile imefungwa.

Mwaka huu machale yakanicheza. Bwana Vioo alianza kuja kila mchana. "Shemeji, hujambo shemeji? Leo umependeza, shemeji." Mtu akikuita shemeji mara tatu hata hajaketi, ana lake jambo. Anapita nyuma ya pazia, na minong'ono inaanza. Nikaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, nikatega sikio.

"Ya tatu, mishale ya buluu," Bwana Vioo alikuwa anasema. "Namba tano imefifia kidogo. Haya, rudia."

Na mume wangu, mtu mzima na mvi zake, akarudia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ya tatu ni ya nani? Si yake mwenyewe! Loo, nilipandwa na hasira mpaka nikashona mkono wa gauni la mteja juu chini.

Alipoondoka nikamuuliza Fundi, "Mnaongea nini na yule?"

"Mambo ya saa."

"Mambo gani ya saa yanayonong'onwa?"

"Mama, shona nguo zako."

Hajawahi kunijibu hivyo, na iliniuma. Kesho yake nikamsikia anamwambia mteja aache saa arudi wiki ijayo, na kazi yenyewe ilikuwa ya kubadilisha mkanda tu! Nikasema moyoni, mh, huyu ameshalainishwa na Bwana Vioo, kazi ya haki imemchosha.

Sikutaka kumwaibisha, Mungu wangu shahidi. Nilitaka kumwokoa bila mtu kujua. Jumamosi, siku yenyewe ya kura, asubuhi alipokwenda kunawa, nikaingia nyuma ya pazia. Saa ya Bwana Vioo na ya Daktari wa Meno zote ni za duara, zote uso mweupe. Nikazibadilisha mahali. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: atafika kwenye ya tatu, ataona siyo, atashtuka kidogo, atajua kuna mtu ameshtukia njama yao. Ataacha upuuzi, na maisha yataendelea.

Wakaja, wakaketi, wakapewa chai. Fundi akaanza. Ya kwanza akaisemea vizuri, ya pili vizuri. Alipoifikia ya tatu Bwana Vioo akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu. Ahaa, nikajisemea, kohoa tu, leo mmepatikana.

"Hii," Fundi akasema, "mishale yake ya buluu haijawahi kubadilishwa. Tazameni namba tano ilivyofifia. Hakuna aliyeigusa rangi hiyo."

Mmoja akacheka akidhani ni mzaha. Saa iliyokuwa mbele ya Fundi ilikuwa na mishale myeusi, wala haikuwa na namba hata moja. Ilikuwa na vistari tu.

"Fundi," Daktari wa Meno akasema, "hiyo ni yangu."

Fundi aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa trei, akageuza kichwa kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mwalimu akainuka taratibu, akaichukua ile saa, akaishika mbele ya macho yake.

"Hii inasema saa ngapi, Fundi?"

Fundi saa, kuulizwa saa!

"Nani amezihamisha?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi," nikasema.

Bwana Vioo akanigeukia, macho yamemjaa maji. "Shemeji, ni macho yake. Tangu mwaka jana. Nilikuwa namsomea zote tano, azishike kichwani. Alinisihi nisikwambie, alisema ukijua utaifunga meza siku hiyo hiyo."

Nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli, ningeifunga. Ningeifunga kwa mapenzi, nimtafutie na kiti cha kukalia barazani. Sasa nimeifunga mbele ya watu.

Hakuna aliyesema neno baya, walikuwa waungwana mno. Kila mmoja alichukua saa yake kwenye trei. Kisha Daktari wa Meno akaenda kwenye rafu ya matengenezo, akatoa bahasha yenye saa zake mbili. Akamwambia Fundi, "Pumzika kwanza, hazina haraka." Mwalimu naye akachukua za kwake na za shemeji zake. Wengine wakafuata, hata Bwana Vioo, akitazama chini. Fundi alisimama akisikiliza bahasha zikitolewa rafuni.

Walipotoka akauliza, "Imebaki ya nani?"

Nikapapasa rafu. Ilikuwepo moja, kwenye kitambaa.

"Yangu," nikasema. "Ile niliyokupa uitie kioo kipya. Nilidhani umeisahau."

"Sikuisahau. Nimeijaribu mara sita."