Mgonjwa aliyekuwa anapangwa baada ya Z

Wakuu, salamu. Nimechoka, kwa hivyo nitaandika vile ilivyokuwa bila kuongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa database hapa Kisumu. Kazi yangu kubwa ni kurekebisha system za watu waliomaliza kazi wakaenda zao.

Kuna kliniki ndogo ya macho upande wa Kombewa. Daktari anatoka mjini mara moja kwa wiki, na saa kumi anarudi, awe amemaliza watu au la. Sista anaita wagonjwa vile majina yamejipanga kwenye screen, A mpaka Z. Wasiofikiwa wanarudi wiki ijayo, na inaanza A tena. Wanasema hiyo ndiyo ilimaliza vita vya foleni.

Kuna mgonjwa anaitwa Zainabu; yeye akiachwa hulalamika mpaka anaingizwa.

Lakini kuna mama Mkongo aliyeolewa Seme, anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Anaitwa Élise, na hiyo alama juu ya E iko kwenye pasipoti yake. Jicho lake la kushoto lilikuwa linafifia. Kila wiki anakaa kwenye benchi mpaka daktari anaondoka. Hakuwahi kuuliza kitu.

Juzi niliitwa huko kwa sababu ya printer. Nikaona kwenye screen Élise yuko chini ya Zainabu. Collation, yaani kanuni ya kupanga herufi, ilikuwa ya binary: inapanga herufi kwa namba zake za ndani, na É ina namba kubwa kuliko Z. Nikaweka ORDER BY, ile amri inayopanga orodha, itumie collation ya Unicode, inayoweka É pamoja na E.

Mstari mmoja tu, wakuu.

Wiki iliyofuata nikarudi kuona kama imeshika. Élise aliitwa kabla ya saa nne. Hakuna aliyesimama. Sista akampigia simu, akaweka loudspeaker.

"Sista, mimi nilishaacha," mama akasema. "Mnaanzaga na watu wenu. Sijakasirika, hata kwetu ni hivyo."

Sista akamweleza kwamba ilikuwa kompyuta. Mama akacheka kidogo, akashukuru, akakata.

Iliniuma sana, maana hakuamini.

Nilichojifunza: test data, yaani majina ya kujaribia system, msijaze Otieno na Achieng peke yao. Wekeni majina ya kila mtu anayeishi hapa.

Kesho naenda Seme kumuona, maana jicho halingoji. Kama kuna mtu humu amewahi kumweleza mgonjwa mambo ya collation na akaaminiwa, aniambie alianzaje.