Mtamba Niliyetengewa Hulugho

Nilipozaliwa, babu alinitengea mtamba. Ndiyo desturi yetu: mtoto akikatwa kitovu anapewa mnyama, na kizazi chote cha mnyama huyo ni chake. Kwa hiyo mimi, dereva wa tuktuk ya watu pale Galbet, mjini Garissa, nilijiona tajiri aliyechelewa tu kuchukua mali yake. Nikanunua kamba mpya, nikasafiri hadi Hulugho kuleta ng'ombe wangu niwauze, ninunue tuktuk yangu.

Alfajiri, Garissa. Nilipanda lori lililoleta mifugo sokoni na sasa linarudi na sukari. Dereva aliuliza kamba ni ya nini, nikamweleza.

"Mwenye mali analalia magunia?" akacheka.

Baada ya Ijara ni vumbi tu. Sikutulia. Tuktuk niliipaka kijani kichwani mwangu, nikaibadilisha samawati, nikarudia kijani.

Hulugho, alasiri. Adeer, ndugu yake baba, alinikaribisha kwa chai isiyo na maziwa. Nikashangaa, chai hiyo kwa mfugaji! Watoto walinizunguka hata nikashindwa kujua nani ni wa nyumba ipi. Zamani boma hili lilikuwa na ng'ombe wengi kuliko watu. Ukame ukapunguza ng'ombe, nyumba zikaongezeka.

"Wa kizazi chako amebaki mmoja, anakamuliwa," alisema Adeer. "Wengine wamekufa, wengine tumewauza kila watoto walipougua. Lakini ni wako. Mchukue."

Jioni mkewe alimkamua ng'ombe huyo, kichanga mgongoni. Maziwa yalizungushwa kwa watoto wote, kila mmoja funda. Nikauliza kichanga ametengewa mnyama gani.

"Huyu ndiye wa kwanza kwetu kukosa," akajibu, bila kuacha kukamua.

Asubuhi lori lilipiga honi. Nilimfunga ng'ombe kamba yangu mpya, ncha nikamkabidhi mama wa mtoto.

"Ni wa huyu," nikasema.

Usiku nilikuwa nimemweleza Adeer ndoto yangu, naye akauliza: "Na tuktuk?"

"Bado naitaka, Adeer."

Kurudi Garissa, stejini tulijaa vijana wa maboma kama hilo, tukigombania abiria wale wale. Nikaelewa kilichotuleta wote: maziwa ya ng'ombe mmoja yakinywewa na watoto wote hao, hakuna kinachobaki cha kuuza, na bila cha kuuza huanzi kitu.

Mama yangu aliuliza mali yangu iko wapi.

"Inakamuliwa," nikamwambia, nikaenda kuomba funguo za tuktuk ya watu.