Jembe la Kwenda Nakonde

Ukitaka ugomvi na Loisi, zima redio yake. Kila jioni kuna kipindi cha siasa za dunia, na mteja akifika saa hiyo kibandani pake sokoni Tunduma, mchele atausubiri. Mamlaka, uhalali, nchi moja kuitambua nyingine, hayo Loisi anayapenda jinsi wenzake wanavyopenda umbea. Akikuta wauza nyanya wanagombania meza, anaingilia: "Haya, nani anatambulika hapa?" Soko zima likambandika jina la Balozi, na yeye akalipokea kwa mikono miwili.

Sasa sikia. Fanueli, mtoto wa kaka yake, fundi pikipiki, alimpenda Eva wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa miguu tu. Ukoo ulipokaa kuchagua mshenga, kijana akasema, "Aende shangazi." Wanaume wakacheka mpaka wakakohoa. Mshenga mwanamke? Thubutu! Fanueli akashikilia hapo hapo, basi wakakubali kwa sharti moja: jembe la posa analolipeleka likirudi, yaani wakwe wamelikataa, habari ya Eva imekwisha, na asitumwe mtu mwingine.

Loisi hakulala kwa furaha. Balozi wa kweli, jamani! Kulipokucha akalifunga jembe jipya kwa kitambaa cheupe, akajitupia kitenge chake cha Krismasi, akamchukua jirani yake Atuganile, wakashika njia. Pale mpakani askari kijana akawauliza, "Mama zangu, mnakwenda kulima?"

"Mwanangu, hii ni hati ya utambulisho," Loisi akamjibu, shingo juu. Kijana akacheka na kuwapisha.

"Mwaiseni, mwaiseni!" Walikaribishwa vizuri mno. Baba yake Eva alishafariki, kwa hiyo kwenye viti walikaa wanaume wawili: Rabson, kaka wa marehemu, Mnamwanga kama Loisi mwenyewe, na Shadrack, Mbemba, kaka wa mama yake Eva. Loisi hakujiuliza mara mbili. Kwao mtoto ni wa baba, yamekwisha. Akapiga magoti, akaliweka jembe miguuni pa Rabson.

Shadrack akachukua kofia yake, akasimama.

"Kwetu Wabemba mtoto ni wa ukoo wa mama," akasema. "Mmekuja nyumbani kwa dada yangu, mkanipita kana kwamba mimi ni stuli. Chukueni jembe lenu mwende."

"Haliondoki!" Rabson akafoka. "Baba wa huyu mtoto alikuwa mdogo wangu, damu yangu!"

"Na aliyemzaa ni nani, wewe?"

Weee! Nyumba ikawaka moto. Atuganile akamfinya mwenzake pajani. "Tumekwisha, mama. Tunarudi nalo."

Loisi akalitazama jembe. Mjinga mkubwa mimi, akajisema. Kila jioni nasikia habari za nchi yenye serikali mbili, na kila balozi anayeitambua moja anajitafutia adui, halafu nakuja kufanya yale yale! Kulihamishia jembe kwa Shadrack ni kumtukana Rabson. Kuwapa wote wawili haiwezekani, jembe ni moja. Akamuona Fanueli akilini, ameloa grisi, anasubiri. Kisha akakumbuka swali ambalo mtangazaji hachoki kuwauliza wageni wake: hiyo serikali, uhalali imepewa na nani?

Akaruka juu. "Wazee wangu, nimekosea! Naombeni nianze upya!"

Akalibeba jembe akatoka nalo. Ndani watu wakashika vichwa: jembe linarudi! Atuganile akaanza kulia. Loisi akafika getini, akageuka, akapaza sauti.

"Hodi!"

Hakusubiri karibu. Loisi akaingia hivyo hivyo, akawapita wanaume wote wawili.

"Safari hii sijaja kwa baba wala kwa mjomba. Nimekuja kwa Eva. Aitwe aseme mwenyewe nani ampokelee."

Shadrack akarudi kukaa. Rabson vivyo hivyo. Mtoto wanayemgombania ndiye anayeitwa, watakataaje?

Eva akatoka jikoni, mikono ina unga. Loisi akamkabidhi jembe. "Mwanangu, ukilikataa ninarudi nalo na sitakulaumu. Ukilikubali, mpe mtu wako."

Msichana akamtazama baba yake mkubwa. Akamtazama mjomba wake. Kisha, Yesu wangu, akawapa mgongo wote wawili, akarudi jikoni na jembe lake! Hapo Loisi hakujua kama amekubaliwa au amefukuzwa.

Akachungulia mlangoni. Nesta, mama yake Eva, alikuwa amekaa kwenye kigoda anawapikia wageni. Ndiye aliyemsomesha binti huyu peke yake kwa kuuza vitenge huku na huku mpakani, na tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza neno zaidi ya chakula. Eva akapiga magoti, akamlazia jembe mapajani.

"Mama, nipokelee wewe."

Nesta akalikumbatia jembe lile na kitambaa chake, akalia kwa sauti. "Leo nimeonekana," akasema. "Leo na mimi nimeonekana." Na Loisi, Balozi mzima, akamkumbatia wakalia pamoja.

"Si dada yangu huyo?" Shadrack akawahi kusema, akiirudisha kofia mezani.

"Na ni mke wa mdogo wangu!" Rabson hakukubali kupitwa. Vigelegele vikafunika maneno yao.

Jua lilikuwa bado kali Loisi alipouvuka mpaka kurudi Tunduma. Fanueli alikuwa upande wa nyumbani, amesimama kando ya pikipiki ya mteja. Hakumtazama shangazi yake usoni. Aliitazama mikono.

Loisi akaiinua yote miwili juu, mitupu kabisa.