Kopo Juu ya Ghala

Shangazi yangu Coletha, ambaye kijijini kwetu jirani na Songwa wote walimwita Mama Makoye, alipima mvua miaka kumi na moja bila kukosa asubuhi hata moja. Saa tatu kamili alikuwa uani kwenye kipimo cha serikali, daftari mkononi. Kila mwisho wa mwezi alituma karatasi Dar es Salaam, ambako wataalamu waliilisha kompyuta kubwa namba zake ili wajue mvua na ukame wa nchi vinaelekea wapi.

Machi 1982 aliandika milimita 131 kwa siku moja. Kompyuta ikaikataa.

Aliyeleta habari hiyo ni Bwana Ansgar, mtaalamu kutoka huko huko Dar, suruali imenyooshwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akakunjua karatasi ndefu iliyotoka kwenye mashine. "Siku ile vituo vya jirani vilipata milimita tisa tu. Mashine inaona namba yako haiwezekani. Wakubwa wanataka kukifuta kituo, pamoja na namba zako zote za nyuma."

Miaka kumi na moja! Nilipandwa na hasira. Na jirani yetu mzee Bujiku, asiyejua kunyamaza panapotakiwa, akadakia: "Hicho kipimo nakijua sana! Mwaka ule wa njaa nilikimiminia kibuyu kizima cha maji, ili serikali ikumbuke kutuletea mvua!"

Ansgar akaanza kukunja karatasi yake. Ningeweza kumtafuna Bujiku mbichi.

"Kaa kwanza, baba," shangazi akasema. Akaingia ndani, akatoka na daftari la pili, akalifungua ukurasa wa kwanza. Mwaka 1974: *Kipimo 22. Bujiku kamwaga maji. Mbingu kavu. Mvua: sifuri.*

Tangu siku hiyo aliweka kopo kubwa la maziwa ya unga juu ya paa la ghala, mahali pasipofikika bila ngazi. Kila asubuhi, akishasoma kipimo, alipanda na rula yake kupima maji ya kopo. Tulimcheka sana, na mimi nilimcheka kuliko wote.

Ansgar akafunua kurasa mpaka Machi ile. *Kipimo 131. Kopo 130.* Akarudi nyuma, mwaka baada ya mwaka. Ugali uliletwa, akala huku anasoma.

"Nisamehe, mama," akasema mwishowe.

Miezi mitatu baadaye barua ikafika, nikaisoma kwa sauti uani. Namba 131 imerudishwa. Na kuanzia sasa, kituo chochote cha jirani kikitiliwa shaka, kompyuta itakilinganisha kwanza na cha Mama Coletha. Wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikalia bila aibu.

Bujiku akajipenyeza mbele. "Na mimi nimo humo kwenye mashine?"

"Umo," shangazi akamjibu, huku akielekea kwenye ngazi yake. "Kwenye ile sifuri."