Kitasa cha Mlango Wetu

Juzi nilipanga foleni ofisi ya kodi, Temeke, nimeitwa kwa deni langu. Mbele yangu mama mmoja mtu mzima alimpa ofisa barua yenye jina la mumewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Mama, kompyuta inaonyesha mzee ana deni, na mashine yake ya risiti iko kimya miezi mitatu. Ndiyo maana tumemwandikia."

"Amefariki, mwanangu."

Ofisa akaondoa mkono kwenye kibodi. "Pole sana, mama. Lete cheti cha kifo tuzisimamishe hizi barua." Kisha akasoma taratibu kwenye skrini: "Risiti yake ya mwisho, kitasa kimoja, saa tano asubuhi."

Mama akacheka huku akijifuta machozi. "Kitasa hicho kiko mlangoni kwetu! Alikichukua dukani kwake mwenyewe, akajikatia risiti."

Ofisa akamtolea nakala kwenye printa, akampa kwa mikono miwili. Mama akaifunga kwenye pindo la kanga, pale panapofungwaga hela.

Zamu yangu ikafika. Tangu napanda daladala Mwenge nilikuwa nimeandaa uongo mzuri sana wa kukwepa deni.

"Na wewe, braza?"

"Mie nitalipa," nikasema.