Jeshi la Mezani na Rangi ya Baba

Nina jeshi la askari arobaini na wawili, na hakuna hata mmoja anayefikia urefu wa kidole changu cha mwisho. Ni askari wa plastiki, wa vita vya sayari ambazo hazipo. Huja wakiwa wa kijivu, vipande vipande; unawaunga kwa gundi, unawapaka rangi, kisha Jumapili baada ya kanisa unawapanga mezani wapigane na jeshi la mwenzako kwa kurusha dadu. Nina miaka thelathini na minne, nauza dawa mtaa wa Kondele. Majirani zetu wa Kaloleni walishaniuliza kama nikiolewa nitahama na jeshi. Mimi huwajibu kwamba litatangulia.

Mkono huu wa kupaka rangi niliurithi kwa baba, ambaye hupaka mitumbwi ya wavuvi. Kila mwenye mtumbwi ana rangi ya mstari wake, ili wanawake wanaosubiri samaki waujue ungali mbali majini. Mwishoni mwa mwaka jana macho ya baba yaliingia ukungu. Nilimwambia twende kliniki, akasema ni vumbi tu. Hofu yake niliijua: wavuvi wakigundua haoni vizuri, hakuna atakayempa mtumbwi tena, na baba asipokuwa na kazi ufuoni sijui atakuwa nani. Basi nikanyamaza. Sijivunii hilo.

Mwezi wa nne rangi yangu nyekundu iliisha kabla sijamaliza mabega ya askari kumi na mmoja. Kuagiza nyingine Nairobi ni kungoja, na mimi sina subira. Niliingia stoo ya baba, nikashusha mkebe wake wa nyekundu, nikachota kiasi cha kifuniko cha soda, nikazimua kwa tapentaini. Ilishika kuliko ile ya kununua. Niliporudisha mkebe, mingine nilikuwa nimeisukuma ikajaza pengo, kwa hiyo nikauweka mwisho wa rafu, nikaenda kazini.

Jumamosi nilimpelekea chai ufuoni. Mwenye mtumbwi alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na baba bado ameshika brashi. Mstari ulikuwa umenyooka, hauna doa wala tone. Ulikuwa wa kijani.

"Mzee, hii si boti yangu," mwenye mtumbwi alisema polepole. "Yangu iko na laini nyekundu, miaka yote. Kwani huoni?"

Wanaume wawili waliokuwa wakishona nyavu karibu wakaacha kushona.

"Ni mimi nimepaka," nikasema. "Asubuhi Mzee alikuwa ameenda kunywa maji, nikashika brashi. Nimekosea mkebe."

Mwenye mtumbwi alinitazama. "Si wewe ndiye wa zile wanasesere?"

"Ndiyo."

Akacheka, na wale wawili wakacheka naye. "Basi cheza na hizo. Boti achia Mzee, yeye ndiye anajua kazi."

Nilikubali kosa, nikaomba msamaha. Baba aliahidi kuurekebisha Jumatatu, na tukarudi nyumbani.

Mchana alikuja akaketi kwenye meza yangu. Alichukua askari mmoja, akampitisha kidole gumba begani.

"Hii ni rangi ya mafuta," alisema. "Ni yangu."

"Ndiyo, baba."

"Mkebe uliurudisha wapi?"

"Mwisho wa rafu."

Alimrudisha askari mezani, taratibu, akihakikisha amesimama. "Nyekundu ni wa tatu kutoka mlangoni, binti yangu. Mimi huhesabu."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nilimuuliza anahesabu tangu lini, akasema tangu Krismasi. Nikakumbuka mitumbwi aliyoipaka tangu wakati huo. Ilikuwa tisa, na kila mmoja ulitoka na rangi ya mwenyewe, mpaka nilipoingia stoo mimi mwenye macho.